Plagi Niliyoipaka Mafuta ya Nazi

Nikikaribishwa kwa watu siku hizi, siketi kwanza. Mwenye nyumba bado ananiambia karibu ndani, mimi nimeshaingiza mkono nyuma ya friji lake, nagusa plagi kwa mgongo wa kiganja nione kama ina joto. Wapo wanaocheka. Shoga yangu wa nyumba ya pili ameshanizoea, akiniona tu naingia uani kwake husema, "Mkaguzi kaja huyo, mpisheni." Wapo pia wanaonuna, wakidhani natafuta uchafu wao nikautangaze. Sijali. Nikigusa nikaikuta baridi ndipo nakaa, na hata nikikaa situlii. Pua inafanya kazi muda wote. Chai ninaletewa, nakunywa, na ukiniuliza baadaye kama ilikuwa na tangawizi siwezi kukwambia.

Mimi ni fundi wa cherehani. Naishi Miburani, hapa kisiwani, na mama yangu, katika nyumba ya bati yenye baraza mbele na jiko la makuti huko uani. Kazi yangu naifanyia hapo barazani, kila apitaye ananiona na mimi namwona. Tangu utoto naambiwa nina mdomo, na ni kweli ninao. Mteja akichelewa kufuata nguo yake nitamsema, akija kabla haijaisha nitamsema vilevile. Nayataja haya mapema ili ijulikane kwamba kosa ninalotaka kulieleza halikufanywa na mtu mpole aliyeteleza. Nililifanya mimi, kwa ujuaji wangu, na nikalirudia.

Mama ana sukari. Kwa miaka alikuwa akimeza vidonge, kisha daktari wa Kilindoni akasema vidonge havitoshi tena, itabidi sindano, asubuhi na jioni. Kujichoma mwenyewe alijifunza siku ileile ya kwanza. Alishika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akachoma, akachomoa, akanigeukia akakuta nimeangalia ukutani. Akanicheka. "Mwoga we, na mdomo wote huo." Mpaka leo sindano naiogopa, hata ya mtoto wa mtu.

Shida haikuwa sindano, shida ilikuwa dawa. Dawa ile inataka baridi. Tuliambiwa iwekwe kwenye friji, na friji sisi hatukuwa nalo. Miezi ya mwanzo tuliiweka kwa huyo shoga yangu, na kila asubuhi na jioni mama alijikokota mpaka kwake kuifuata, maana hakutaka mimi niache kazi kwa ajili yake. Miguu ilikuwa imeshaanza kufa ganzi. Siku moja alirudi kandambili moja tu mguuni, nyingine imemvuka njiani na wala hakuhisi. Nilimvua iliyobaki nikaona unyayo umechanika, unatoa damu, naye ananiuliza natazama nini. Siku hiyohiyo nilimpigia kaka yangu aliyeko bara nikamwambia tunataka friji, hata la mtumba, hata la kutu, mradi lipoze.

Likaja. Lilivushwa kutoka Nyamisati kwa boti, limefungwa turubai vizuri, ila waya wa umeme waliuacha unaning'inia. Plagi ilisafiri safari nzima imelala kwenye maji ya chumvi chini ya boti. Tulipolishusha niliifuta kwa ncha ya kanga, nikaona pini zake tatu zinang'aa, nikajua yamekwisha.

Tukamwita fundi wa umeme. Huyu ni mtu wa rika langu, mrefu, mtaratibu, maneno yake unayangoja mpaka unachoka. Alituwekea soketi ukumbini, ubavuni mwa mlango wa chumba cha mama, ili mama asitembee mbali kufuata dawa yake. Alipomaliza aliishika ile plagi akaigeuza, akainusa, akailamba kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Hii imekunywa chumvi," alisema. "Nitaibadilisha. Kwa leo sina nyingine, itumieni. Mkiona inaingia kwa shida, au ina joto, msiiguse. Niiteni mimi."

"Utaileta lini?" nikamuuliza.

"Kesho."

Kesho yake haikufika. Ikapita wiki, ikapita ya pili. Siku moja nikamkuta dukani, watu wamejaa, nikampandishia mori hapohapo. Nikamwita fundi kesho. Nikawaambia waliokuwepo kwamba akitaka kuwaingizia umeme wamkubalie tu, wajukuu zao watakuja kuwasha taa. Watu walicheka sana. Yeye alichukua sabuni yake akaondoka. Baadaye niliona aibu, lakini aibu yangu ina tabia mbaya, haiombi radhi, inakwepa. Nikawa nikimwona anakuja njia hii, mimi napita ile. Kwa hiyo plagi haikuletwa, na mimi sikuiulizia tena.

Sasa nieleze jambo la mafuta. Hapa kwetu chuma hakina maisha. Upepo wa bahari unapita kila mahali, na unapopita unaacha chumvi. Kufuli usiloligusa mwezi mmoja haligeuki tena. Mkasi wangu, bawaba za milango, mbuzi ya kukunia nazi, hata vifungo vya chuma vya nguo za watu, vyote hivyo vinaliwa. Dawa yake tunayoijua ni mafuta ya nazi. Nyumbani kwetu, nyuma ya mlango, imening'inizwa chupa ya mafuta ikiwa na unyoya wa kuku ndani. Mama alinifundisha kazi hiyo nikiwa sijaota meno ya utu uzima: chomoa unyoya, paka bawaba, paka kufuli, paka mbuzi, rudisha unyoya. Kabla ya masika kila chuma cha nyumba kinapakwa. Katika nyumba yetu jambo hili halina mjadala, ni kama kufagia uwanja.

Siku moja friji likanyamaza. Nikaenda kuchomoa plagi, ikagoma. Nikaivuta kwa mikono miwili ikatoka, na pini zake zilikuwa zimeota unga wa kijani. Kumbuka nilivyoambiwa: msiiguse, niiteni mimi. Lakini kumwita yule mtu baada ya maneno niliyomwambia dukani, hapana. Nikachukua kijikisu changu cha kufumulia nguo, nikazikwangua pini moja baada ya moja mpaka shaba ikatoka, zikang'aa. Kisha nikaenda nyuma ya mlango, nikachukua chupa. Nikazipaka kwa ule unyoya, nikapaka na matundu ya soketi kwa juu, baada ya kuzima swichi yake, sikuwa mjinga kiasi hicho. Nikaichomeka. Iliingia laini, bila kusukumwa. Friji likaanza kunguruma.

Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nilitembea ukumbini nikijipongeza. Nani anamhitaji fundi kesho? Na kila baada ya wiki kadhaa, friji likianza kusitasita, nilifanya hivyohivyo: chomoa, kwangua, paka, rudisha. Kila nilipokwangua pini zilizidi kuwa nyembamba, na kila nilipopaka zilizidi kuingia kirahisi. Mimi nikaona zinaingia kirahisi kwa sababu zimepona.

Kwa juu ya friji nilikuwa nimeweka kitambaa cha kufuma, kazi ya mikono yangu, cheupe chenye maua. Nilikifuma kirefu kupita kiasi, na badala ya kukifumua nikakiacha kiangukie nyuma, kizibe zile nyaya na vumbi visionekane na wageni. Watu walikisifia kitambaa hicho.

Halafu ikaanza harufu.

Hapa ndipo najilaumu na hapohapo najitetea, na bado sijaamua. Mimi nimezaliwa katika harufu ya mafuta ya nazi yanayochemka. Mama hukamua tui, hulibandika jikoni uani, moto mdogo, mpaka maji yaishe na mafuta yapande juu. Harufu hiyo huingia nyumbani na kukaa hata siku mbili. Ukinusa unajua mama yupo na anaweza kusimama. Tangu miguu imsumbue hakuwa akipika mafuta mara kwa mara, kwa hiyo nilipoanza kuinusa tena ukumbini, hafifu, asubuhi hii na kesho kutwa yake, nilifarijika. Nilidhani ni chupa ya nyuma ya mlango, au ni nguo za mama. Sikuwaza soketi. Nani angewaza soketi? Plastiki ikiungua unajua, inakera, inakaba koo. Hii ilikuwa inanukia kwetu.

Ilikuwa asubuhi ya kazi nyingi. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, nimeinamia cherehani barazani tangu chai. Mama alishachoma sindano yake na kurudi kujilaza. Harufu ya mafuta ya nazi ikatoka mlangoni ikanizunguka, na safari hii ilikuwa nzito. Nikasema moyoni, bibi huyu kaamka kaenda jikoni tena na miguu yake ile, na hakuniambia nimkunie nazi. Nikaudhika kidogo. Nikaendelea kushona.

Shoga yangu akapita, akasimama kwenye ngazi ya baraza.

"Mnapika mafuta leo?" aliuliza. "Naomba kidogo nikampake mjukuu, ngozi imemkauka."

"Subiri mama aepue," nikamjibu, uzi uko mdomoni. Akakaa kusubiri. Tukazungumza habari za harusi moja ya Kilindoni, tukawateta watu. Tulikaa hivyo muda, sijui dakika ngapi, na nyuma yetu nyumba ilikuwa imeshaanza kuungua.

Kisha nikasikia sauti ya mama. Haikutoka uani. Ilitoka chumbani kwake, ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Wewe," aliita. "Unapika mafuta na hukuniambia?"

Shoga yangu alinitazama, na mimi nikamtazama. Mguu wangu ulikuwa bado unakanyaga cherehani, sindano inashona hewa.

Niliingia mbio nikasimama mlangoni. Moshi ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa kifua. Nyuma ya friji palikuwa pekundu. Soketi ilikuwa inatoa cheche kwa mlio wa kukaanga, na moto ulikuwa umeshakamata kitambaa changu kwa chini, unapanda nacho ukuta kuelekea dari. Na mama alikuwa pale. Alikuwa ametoka chumbani, amejifunga kanga moja, na badala ya kukimbilia nje alikuwa amefungua mlango wa friji, kichwa na mkono viko ndani, anatafuta dawa yake.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia mama yangu mzazi, "Acha dawa, mwanamke we, utakufa!" Sijawahi kumwita hivyo na sitarudia. Hakugeuka. Alisema tu, "Nikiiacha, nangoja nini zaidi ya kufa?"

Swichi kubwa ya nyumba iko barazani, juu ya mahali ninapokaa kushona. Ilikuwa hatua tatu nyuma yangu, na mama hatua tano mbele yangu. Nikageuka nikakimbilia swichi. Nikarukia stuli, nikaivuta chini. Taa ya ukumbini ikazimika, mlio wa kukaanga ukakatika. Nilipogeuka tena, kitambaa kilikuwa kimeanguka. Kilimwangukia mama kwenye mkono wa kulia, uleule alioshikia boksi la dawa, na hakuliachia. Kitambaa kiliungulia kwenye vidole vyake, naye anatembea nacho, anakuja kwangu, boksi kalikumbatia.

Nimejiuliza swali moja tangu siku ile. Nikiwa nashona najiuliza, nikiwa nasonga ugali najiuliza. Ningemfuata yeye kwanza, je? Fundi aliniambia baadaye kwamba ningemshika kabla ya kuzima, na friji lile la bati, pengine tungezikwa wawili. Nimemsikia. Bado najiuliza.

Nilimng'oa kile kitambaa mkononi, nikamburura mpaka nje. Shoga yangu alikuwa amezunguka uani, anakuja na ndoo ya maji. Nikamkataza, nikamwambia mchanga. Hakubishana. Akamwaga maji kwenye kiwanja, akachota mchanga kwa kanga yake, na mimi kwa gauni langu, tukawa tunaingia na kutoka, tunamwaga nyuma ya friji na ukutani mpaka moshi ukageuka mweupe. Mchanga tunaoufagia kila asubuhi ndio uliookoa nyumba. Dari liliungua kipande, ukuta ukawa mweusi, friji likabaki limesimama mlango wazi.

Mama tulimkuta kwenye ngazi. Amekaa, boksi liko mapajani, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Ganzi ilikuwa imeshamfika mpaka vidoleni, maumivu hayakumjia vile yanavyokujia wewe na mimi. Ngozi ilikuwa imebambuka. Nikaita bodaboda.

Hospitalini Kilindoni muuguzi alimsafisha, akamfunga, akamchoma sindano nyingine mimi nikiangalia dirishani. Mama alikuwa hajaliachia lile boksi. Muuguzi alipomaliza, mama alimkabidhi kwa mkono wa kushoto, kwa heshima, kama mtu anayekabidhi amana.

"Niangalizie, mwanangu. Nimeiwahi."

Muuguzi akafungua. Akazitoa chupa moja moja, akazishika kiganjani, akazitazama kwenye mwanga. Akanitazama mimi kwanza, kisha mama.

"Zimepata moto, mama. Hizi hazifai tena." Akazitia kwenye ndoo ya taka pale miguuni pake.

Muuguzi akamletea nyingine, akauliza tutaihifadhi wapi. Nikamwambia hatuna tena friji, na kwenda kwa jirani kila siku miguu ya mama haiwezi. Akasema basi akiba ibaki pale hospitali, tutakuwa tunaifuata, na ile chupa inayotumika tuiweke kwenye mtungi wenye maji, ndani ya kopo lililofungwa, kivulini, mahali penye upepo. Kwa chupa moja ya dawa ya aina ile inatosha, alisema, na wagonjwa wake wa Jibondo wamefanya hivyo miaka.

"Mtungi?" mama akauliza.

"Mtungi wa udongo, mama. Huu wa maji ya kunywa."

"Ninao," mama akasema. "Uko mvunguni mwa kitanda. Niliutia huko siku friji lilipokuja."

Tukarudi kwenye bodaboda, mama katikati, mimi nyuma nimemshika.

Kesho yake fundi akaja mwenyewe, hakuitwa. Alipiga hodi, akamwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba mwanangu, akampa pole. Mimi hakunitazama. Aliingia ukumbini na bisibisi yake, akaifungua ile soketi, akatoka nayo barazani na kipande cha plagi kilichobaki. Aliviinamia muda mrefu, anakwangua kwa kucha. Kisha akanusa.

"Umeme hautaki kitu kilicholegea," alisema polepole. "Pini ikicheza ndani ya tundu inatoa cheche, cheche zinaleta joto, joto linailegeza zaidi. Hizi zimekwanguliwa zikaisha. Na zimepakwa mafuta. Mafuta yameshika vumbi, yakaiva humu ndani siku nyingi, yakawa mkaa." Akainua kichwa. "Nani kapaka mafuta?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mimi mwenye mdomo. Mimi niliyemwita fundi kesho mbele ya duka zima. Shoga yangu yupo, mtu wa bodaboda yupo, wapita njia wawili wamesimama kusikiliza. Niliufungua mdomo huo, wallahi niliufungua, na haukutoka hata mlio.

"Mimi, baba," mama akasema. Alikuwa ameketi mkekani, mkono umefungwa bandeji nyeupe mpaka kiwiko. "Mazoea yetu ya kizamani. Nikaona kutu, nikapaka."

Watu wakaguna, wakasema masikini, mtu mzima hajui. Fundi akamtazama mama, akautazama mkono, akaitikia kwa kichwa. Akavifunga vile vipande katika gazeti, akaondoka navyo. Mimi nikaingia ndani kusugua ukuta.

Ilifuata miezi ya ule mkono. Kidonda cha mwenye sukari hakifungi kama chako. Daktari alituambia wazi: kikiingia uchafu atakata vidole, na vidole visipotosha, zaidi ya vidole. Kila siku nilikifungua nikakisafisha kama nilivyoelekezwa, na kila siku kabla ya kufungua nilinusa bandeji kwanza, naogopa nitakachokinusa. Kushona nilishona vibaya. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja. Nilikuwa nainuka kila mara kwenda kumwangalia, nikimkuta kasinzia naegesha sikio nisikie kama anapumua. Alinikemea mara nyingi nikae chini, namtia kizunguzungu.

Siku moja namfunga, nikamuuliza bila kumtazama, "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Si mimi niliyekufundisha?"

"Hukunifundisha kupaka soketi."

"Nilikuwa nakuona," alisema. "Mlango wangu ulikuwa wazi, nakuona kutoka kitandani, na unyoya wangu na chupa yangu. Nikafurahi. Nikasema mwanangu ameshika. Ningejua ni hatari ningekukataza, sasa sikujua, na wewe hukujua. Kaza hapo, imelegea."

Nikakaza bandeji. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke.

Vidole havikukatwa. Kidonda kilifunga, polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Lakini ngozi mpya ilivuta, na vidole viwili, cha shahada na kinachofuatia, vikakunjika kuelekea kiganjani vikabaki hivyo. Hawezi kushika kijiko kwa mkono ule. Sindano hawezi kabisa. Mkono wa kushoto nao unatetemeka. Kwa hiyo nachoma mimi, asubuhi na jioni.

Fundi alirudi kuweka nyaya mpya nyumba nzima. Siku ya mwisho alikuwa kwenye stuli hapo barazani, anakaza swichi kubwa. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi. Nilikuwa nimeshayazunguka maneno yale wiki nyingi, nimechoka nayo.

"Fundi," nikamwambia. "Yale mafuta. Ni mimi niliyepaka. Na ya dukani, nisamehe."

Aliendelea kukaza, hakugeuka.

"Najua," alisema. "Mama yako hawezi kuinama nyuma ya friji. Nilijua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako alishajibu. Nimbishie mtu mzima barazani kwake?" Akashuka kwenye stuli, akafuta mikono. "Na mimi niliahidi plagi. Ilikuwa mfukoni siku unanisema pale dukani. Nilikuwa njiani kuja kwenu. Nikarudi nayo."

Akakusanya vyombo vyake, akamuaga mama kwa sauti, akaenda zake.

Mama akaniita. Jua lilikuwa limeinama, ulikuwa muda wa dawa. Nikapiga goti kwenye mtungi pembeni ya dirisha, nikatoa kopo, nikafungua, nikaipasha ile chupa kiganjani kidogo. Nikavuta dawa mpaka kwenye mstari wake.

"Umemwambia?" mama akauliza.

"Nimemwambia."

"Haya." Akafungua kanga, akashika ngozi ya tumbo kwa mkono ule wa vidole vilivyokunjika, vizuri alivyoweza. "Choma basi. Usiogope, mimi naangalia ukutani."